Aphex Twin na ugomvi wake na setingi za kiwandani

Taja jina la Aphex Twin, mwanamuziki na DJ wa Uingereza, mbele ya watu wanaofuatilia muziki wa elektroniki, hazipiti dakika mbili lazima mtu ataleta habari ya kifaru. Kwamba jamaa ana kifaru cha vita bwana. Mwingine atadakia kwamba alikuwa anaishi kwenye jengo lililokuwa benki kule Elephant and Castle, London, mwingine ataleta ile ya kuweka msasa kwenye mashine ya santuri mbele ya ukumbi mzima, na stori zitaendelea hivyo hivyo mpaka watu wanatawanyika hakuna hata mmoja aliyeongelea wimbo. Na stori zenyewe si za uongo sana. Kifaru ni gari dogo la deraya lililokuwa la jeshi la Uingereza, aina ya Daimler Ferret, lina matairi halina minyororo, lakini gari lilikuwepo, benki nayo alikaa kweli, na msasa aliupiga kweli.

Wengi wakishasikia hayo wanafunga faili, wanasema huyu ni mtu wa kiki tu. Mimi naona tumemsoma vibaya miaka yote hii. Richard David James, ndo jina alilopewa na wazazi wake, ni mtu ambaye hakubali setingi za kiwandani. Kitu chochote kikimfikia kikiwa kimeshapangwa na mtu mwingine, iwe mwendo wa mdundo, iwe tyuni ya kinanda, iwe jina la wimbo, iwe utaratibu wa kutoa albamu, yeye swali lake la kwanza ni nani kaamua hivi na kwanini, halafu anakifungua anakipanga upya kwa mkono wake. Ukimsikiliza kwa sikio hilo utaona vituko na muziki vinatoka sehemu moja, na utaona pia kwamba kazi nzito yote iko kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna mtu anavipigia stori.

Chukua namba moja tu: 120.2. Albamu yake ya Syro, iliyotoka Septemba 2014, inafunguliwa na wimbo unaoitwa "minipops 67 [120.2][source field mix]", na hiyo 120.2 ni biti kwa dakika. Sasa programu nyingi za kutengenezea muziki ukizifungua zinakukaribisha na 120 kamili, imeshakaa pale inakusubiri, na nyimbo nyingi sana duniani zimetengenezwa kwa 120 kwa sababu tu mtu hakujisumbua kuigusa ile namba. Kati ya 120 na 120.2 sikio la kawaida halitakwambia tofauti yoyote. Ila yeye ameiandika kwenye jina la wimbo, mbele ya macho yako, na albamu nzima imeandikwa hivyo, kila wimbo na namba yake. Kwangu mimi ile desimali ni kama sahihi ya fundi, inasema hapa hakuna kitu kilichoachwa kama kilivyokutwa.

Twende kwenye tyuni sasa, maana hapa ndo penyewe.

Noti ya A ambayo vyombo vingi vinatyuniwa nayo ni 440 Hz, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde. Watu wengi wanadhani ni sheria ya asili. Hapana, ni makubaliano, yalifikiwa kwenye mkutano uliofanyika London mwaka 1939, na kabla ya hapo kila sehemu ilikuwa na yake, Ufaransa kwa mfano ilishapitisha sheria ya 435 tangu 1859. Halafu kuna jambo la pili, kwamba oktavu, yaani umbali kutoka noti moja mpaka noti ile ile ya juu yake, imekatwa vipande 12 vinavyolingana. Mpangilio huo unarahisisha maisha, unahama kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine bila kutyuni piano upya, ila una gharama yake, kwa sababu ukiacha oktavu yenyewe, kila muachano wa noti umesogezwa kidogo kutoka pale ambapo ungekaa wenyewe kwa asili ya sauti. Tumezaliwa tumeukuta huo mpangilio na tumezoea, kwahiyo hatusikii tena kama kuna kitu kimesogezwa.

James alianza kulisumbukia hili akiwa mtoto, piano ya nyumbani kwao alikuwa anaifungua anachezea nyuzi za ndani. Miaka mingi baadaye, 2017, alifanya mazungumzo marefu na Tatsuya Takahashi, aliyekuwa mhandisi wa sinthesaiza, vile vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme, wa kampuni ya Korg, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni hiyo hiyo 440, kwanini iwe setingi ya kwanza kila mahali. Na hakuishia kuongea. Korg walipokuwa wanaunda Monologue, sinthesaiza ndogo ya analogi ya bei ambayo kijana anayeanza anaweza kuifikia, James alikuwa mshauri wao, na kifaa kikatoka kikiwa na uwezo wa kutyuni kila noti peke yake unavyotaka wewe. Uwezo huo kwenye mashine ya bei ile haukuwa kitu cha kawaida. Sasa niambieni, mtu anayetafuta kiki anakwenda kubishana na wahandisi kuhusu desimali za noti ili mtu mwingine asiyemjua afaidike?

Matokeo yake kwenye masikio unayapata vizuri kwenye Selected Ambient Works Volume II ya mwaka 1994. Karibu hakuna ngoma mule, ni sauti ndefu zinazopumua taratibu, na watu wanapojaribu kuielezea wanaishia kusema inatisha lakini inabembeleza, au ni kama kumbukumbu ya mahali ambapo hujawahi kufika. Mimi naamini sehemu kubwa ya hisia hiyo ni tyuni. Sikio lako linasubiri noti ikae pale ilipozoea kukaa, inakuja imekaa pembeni kidogo tu, haijakosewa kiasi cha kukera ila haipo nyumbani, na wewe hujui ni nini kinakusumbua. Mtu wa filamu angetumia giza na milango inayolia, yeye katumia usogezaji wa noti ambao wengi hawawezi hata kuutaja. Na albamu hiyo hiyo hakuipa nyimbo majina, aliweka picha badala ya maneno, ukiacha wimbo mmoja unaoitwa "Blue Calx", kwahiyo mashabiki ikabidi watunge majina wenyewe wakiangalia zile picha, na majina hayo ndo yanatumika mpaka leo. Hapa nakiri kuna usumbufu wa kweli, kumwelekeza mtu wimbo usio na jina ni kazi. Ila faida ni kubwa zaidi, unausikiliza bila kuambiwa mapema ujisikie nini.

Historia yake fupi ni hii. Kazaliwa Limerick, Ireland, tarehe 18 Agosti 1971, kakulia Cornwall, ile ncha ya kusini magharibi ya Uingereza ambako ukiangalia ramani unaona kabisa hapa ni mbali na kila kitu, mbali na London, mbali na Manchester, mbali na klabu na maduka makubwa ya santuri. Umbali huo naupa uzito mkubwa. Kijana wa London mwaka 1989 alikuwa na mtu wa kumuiga kila wikendi. Kule Cornwall waliandaa pati zao wenyewe, nyingine ufukweni, na kama hakuna mtu wa kukuonyesha mashine inavyotumika basi unaifungua na bisibisi unajionea. Alikuwa anapiga kama DJ kwenye hizo pati na kwenye baa za huko, anachanganya nyimbo za watu na za kwake mwenyewe kutoka kwenye kaseti bila kuwaambia watu kipi ni cha nani. Mwaka 1991 akatoa EP, yaani santuri ya nyimbo chache kuliko albamu, ya Analogue Bubblebath kupitia Mighty Force, lebo ndogo ya Exeter, mwaka huo huo akaanzisha lebo ya Rephlex na rafiki yake Grant Wilson-Claridge, na 1992 R&S, lebo ya Ubelgiji, wakatoa Digeridoo halafu lebo yao ndogo ya Apollo ikatoa Selected Ambient Works 85–92.

Digeridoo alisimulia kwamba aliitengeneza ya kumalizia pati, awachoshe watu kabisa mpaka wasiweze kucheza tena waende zao. Fikiria DJ anatengeneza wimbo kwa lengo hilo! Kila DJ anataka watu wabaki. Halafu wimbo wenyewe ukawa ndo wa kumtangaza.

Na hapa kuna kisa cha 1995 ambacho nakipenda kuliko habari ya kifaru mara mia. Redio ya BBC Radio 3 ilimpelekea Karlheinz Stockhausen, mzee wa Ujerumani ambaye alikuwa anafanya muziki wa elektroniki tangu miaka ya 50, kazi za vijana kadhaa wa wakati ule azisikilize atoe ushauri, na jarida la The Wire likachapisha majibu. Mzee akasema huyu kijana aache kurudiarudia midundo, akasikilize kazi yake yeye mzee ya zamani, atajifunza. James alipoulizwa akajibu kwamba mzee naye asikilize Digeridoo, ataacha kutengeneza mipangilio isiyochezeka. Watu wanaicheka kama majibizano ya jeuri. Mimi nikiiangalia naona kijana wa miaka 24 anakataa setingi za kiwandani za upande wa pili vilevile, zile za wasomi, kwamba muziki ukiwa wa kufikirisha basi usichezeke. Alikataa kuchagua. Baadaye kabisa, 2011 kule Wrocław, Poland, na 2012 kwenye ukumbi wa Barbican London, alisimamia okestra nzima ambayo wanamuziki wamevaa hedifoni wanapokea maelekezo yake papo hapo, na Barbican akaning'iniza piano kutoka juu ikawa inabembea huku inajipiga, ili ikija inakukaribia noti ipande kidogo na ikienda mbali ishuke. Yaani hata piano iliyotyuniwa vizuri kapata njia ya kuitoa kwenye tyuni yake bila kugusa waya.

Nirudi kwenye ngoma, kwa sababu watu wengi wanamjua kwa ile midundo ya kasi iliyokatwakatwa, na wanadhani ni fujo. Kuna wimbo kwenye EP ya Come to Daddy ya 1997 unaitwa "Bucephalus Bouncing Ball", na ukiusikiliza kwa makini unakupa somo zima la jinsi anavyofikiri. Ndani yake kuna sauti kama mpira wa chuma umeachiwa sakafuni, unadunda, unadunda haraka zaidi, mwachano kati ya mdundo na mdundo unapungua, unapungua, mpaka inafika mahali husikii tena midundo, unasikia noti. Hiyo si hila ya kompyuta, ni masikio yetu yalivyo, mapigo yakizidi takriban 20 kwa sekunde ubongo unaacha kuyahesabu unaanza kuyasikia kama sauti moja yenye kimo. Kwahiyo anaposukuma sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, mpaka inakuwa noti, anachofanya ni kuvunja ukuta kati ya mdundo na melodi, ukuta ambao wengine wote tunautumia kila siku bila kujua upo. Kwenye mashine nyingi ngoma zina sehemu yake na noti zina sehemu yake. Yeye anakuonyesha ni kitu kimoja, tofauti ni kasi tu.

Na EP hiyo hiyo ina "Flim", ambao ni wimbo mwororo kabisa, melodi ndogo ya upole na chini yake ngoma zinachezacheza kama hazitaki kuisumbua. Mbele ya huo ndo wimbo wenyewe wa "Come to Daddy" wenye mikelele, ambao alisema ulianza kama utani juu ya muziki wa metali, halafu Chris Cunningham akaupigia video kwenye majengo ya Thamesmead, London, watoto wanakimbia kila mmoja ana sura ya James ile ya kutabasamu vibaya. Video ilipata umaarufu mkubwa sana, na nadhani ndo iliyotuharibia usikilizaji. Watu walishika ile sura wakaacha "Flim".

Sura nayo ina maana yake lakini. Miaka ya mwanzo ya 90 utaratibu wa techno ulikuwa kujificha, santuri nyeupe haina picha, jina la kificho, muziki uongee wenyewe. Ilikuwa itikadi nzuri, ila nayo ilishageuka kuwa setingi. James akafanya kinyume kwa pande zote mbili, akaweka sura yake kila mahali, ...I Care Because You Do ya 1995 ina picha aliyojichora mwenyewe, Richard D. James Album ya 1996 sura imejaa jalada zima, halafu huku kazi nyingine anazitoa kwa majina chungu nzima, AFX, Polygon Window, Caustic Window, Bradley Strider, Power-Pill. Unamuona sana na humuoni. Mwaka 1999 kwenye santuri ya Windowlicker akaenda mbali zaidi, kwenye upande wa pili kuna wimbo ambao jina lake ni fomula ndefu ya hesabu, na karibu na mwisho wake kuna mlio wa ajabu kama waya zinapigana. Ukiupitisha ule mlio kwenye programu inayochora sauti, muda ukienda kushoto kulia na kimo cha noti kikipanda juu, inatokea sura yake. Kachora uso wake kwa sauti. Mashabiki walipogundua ilikuwa ni shangwe, na mimi naielewa shangwe hiyo, ila naomba tukumbuke kwamba mlio huo kwa sikio peke yake si mzuri sana. Hapo picha ilishinda muziki, na si mara zote alipata uwiano.

Kwenye udijei ndo hivyo hivyo. Msasa na mashine ya kusagia matunda alivitumia kwenye maonyesho ya katikati ya miaka ya 90, na ukiniuliza kama burudani, dakika chache zingetosha. Swali aliloliuliza lina uzito, kwamba kama kazi ya DJ ni kuweka sindano kwenye kitu kinachozunguka, nani kasema lazima kiwe muziki, lakini swali likishaulizwa limeulizwa. Seti zake za miaka ya karibuni ndo zinanishawishi zaidi. Anacheza vitu vya watu wasiojulikana kabisa, vingine vipya vingine vya zamani sana, anapandisha kutoka kwenye midundo ya kawaida mpaka kelele tupu, na nyuma yake msanii wa picha anayeitwa Weirdcore anachukua sura za watu maarufu wa nchi anayopiga, wanasiasa, watangazaji, anazivuruga na kuzichanganya na ile tabasamu yake James. Kila nchi inapata ya kwake. Katika zama ambazo ma-DJ wengi wakubwa wanapiga seti ile ile imefungamanishwa na taa na fataki kwa sekunde, huyu bado anaingia na begi la vitu ambavyo hata mashabiki wake sugu hawavitambui, na wanabaki wanaulizana miezi mizima huo ulikuwa wimbo gani.

Sasa drukQs. Albamu ya 2001, nyimbo 30, ilipotoka wengi waliibeza, kwamba ndefu, imechanganyikana, haina mwelekeo. Alisimulia kwamba aliamua kuitoa baada ya kusahau kwenye ndege kifaa chenye nyimbo zake nyingi ambazo hazijatoka, akaona bora azitoe mwenyewe kabla hazijavuja. Nakubali ni ndefu. Ila ndani yake kuna "Avril 14th", dakika mbili tu na kidogo, piano peke yake, na huu ndo wimbo wake uliosambaa kuliko yote, umo kwenye filamu, Kanye West akaujengea "Blame Game" mwaka 2010, watoto wanajifunzia piano. Kinachosahaulika ni kwamba hakuna vidole vilivyoupiga. Ni Disklavier ya Yamaha, piano halisi ya mbao na nyuzi ila ndani ina sumaku za umeme zinazosukuma vibonye kwa amri ya kompyuta. Na ukivaa hedifoni nzuri unasikia mitambo inavyofanya kazi, ule mgongano mdogo wa mbao na nyundo chini ya kila noti, hakuufuta, kauacha karibu kabisa na sikio. Kawaida mashine ikijifanya binadamu tunaficha mashine. Yeye kaiacha isikike inafanya kazi, na bado ni wimbo unaomliza mtu. Kila nikisoma mtu anasema Aphex Twin hana moyo, ni vurugu za kompyuta, namuelekeza kwenye kile kimgongano.

Baada ya hapo akapunguza kelele za nje, 2005 akatoa mfululizo wa EP 11 za Analord, vifaa vya analogi, santuri tu, mwendo wa taratibu, na kwa maoni yangu huko ndiko ufundi wake uko wazi zaidi kuliko popote, japo hakuna video wala sura. 2007 zikatoka kazi za The Tuss, watu wawili wa kubuni, mashabiki wakagombana kama ni yeye au si yeye, moja ya hoja zao ikiwa ni sinthesaiza ya Yamaha GX-1 inayosikika mule, mashine adimu ambayo huwezi kuikuta kwa mtu tu. Ikaja kujulikana ni yeye.

Halafu ikaja Syro yenyewe. Tangazo lake lilikuwa puto kubwa la kijani lenye nembo yake juu ya London Agosti 2014 na orodha ya nyimbo iliyowekwa kwenye ukurasa uliofichwa ambao unafunguka kwa Tor tu, programu ya kuingia mtandaoni bila kujulikana. Hizo ndo stori zilizozunguka. Mimi kilichonikamata ni jalada. Badala ya picha kuna mchanganuo wa gharama za albamu yenyewe, hela ilikwenda wapi, usafiri, matangazo, vitu vidogo vidogo, na ndani imeorodheshwa mitambo iliyotumika, zaidi ya mia. Kwenye biashara ambayo kila mtu anajifanya nyimbo zimeshuka kutoka mbinguni, jamaa kakupa risiti. Februari 2015 ikapata Grammy ya albamu bora ya dansi na elektroniki, na sauti mule ndani ni za familia yake, wazazi, mke na watoto, zimegeuzwa mpaka huelewi wanasema nini.

Wiki hizo hizo za mwanzo wa 2015 alianza kumwaga nyimbo za zamani bure kwenye SoundCloud, mtandao wa kuweka na kusikiliza nyimbo, kwa akaunti yenye jina kama lile ambalo mtandao unakupa usipojaza chochote, baadaye ikajulikana kama user18081971, ambayo ukiisoma vizuri ni tarehe yake ya kuzaliwa. Nyimbo zaidi ya 200. Pima na hili: mwaka mmoja kabla, nakala moja ya majaribio ya albamu ya Caustic Window ya 1994 ambayo haikuwahi kutoka ilinunuliwa na mashabiki kwa kuchanga, halafu ile santuri yenyewe ikauzwa mnadani kwa dola 46,300. Yaani watu walikuwa tayari kulipa hela ya gari kwa santuri moja, na mwenyewe akafungua kabati akasema chukueni. Sijui kama kuna uamuzi wa kibiashara wa msanii mkubwa wa elektroniki ninaouheshimu kuliko huu. Thamani ya uadimu nayo ilikuwa setingi, kaizima.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Kuna mahali tabia hii inageuka kuwa dharau, na rimiksi, yaani kuutengeneza upya wimbo wa mtu mwingine, ni mfano. Mwenyewe alisimulia kwamba aliombwa kurimiksi wimbo wa bendi ya The Lemonheads, akasahau, mtu wa kuchukua kazi alipobisha hodi akachomoa kanda yoyote kwenye rafu akamkabidhi. Mkusanyiko wake wa rimiksi wa 2003 ameuita 26 Mixes for Cash, kwamba nilifanya kwa hela. Unaweza kusema angalau ni mkweli, sawa, ila kuna bendi upande wa pili iliyoomba kwa nia njema, na kumpa kanda ya bahati nasibu hakufungui chochote, ni kutojali tu. Wale wanaolihesabu hilo kama sehemu ya uwezo wake wanachanganya mambo.

Na wanaomuiga ndo wamechanganya zaidi. Tangu mwisho wa miaka ya 90 wametokea watu wengi wenye ngoma za kasi, majina yasiyosomeka, picha za sura zilizovurugwa, na ukisikiliza, noti zote zipo kwenye 440, vipande 12 sawasawa, kama zilivyotoka kiwandani. Wamechukua ganda. Wakati huo huo yeye mwaka 2022 katoa bure programu ya Samplebrain, aliyoifanya na mtengeneza programu Dave Griffiths, unaipa sampo zako, yaani sauti ulizorekodi, inazikata vipande vidogo vidogo, halafu unaipa sauti nyingine inajaribu kuijenga upya kwa kutumia vile vipande, na kinachotoka hakifanani na ulichotarajia. Hiyo angalau inakulazimisha uwe na vitu vyako kwanza. 2023 katoa EP ya Blackbox Life Recorder 21f / in a room7 F760, na mwishoni mwa 2024 akaweka kwenye mitandao nyimbo zilizokuwa zinauzwa tu kwenye meza za maonyesho yake tangu 2016, kwahiyo kwa sasa hakuna kisingizio cha kutozipata.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni aache video kabisa kwa muda. Achukue ile EP ya Come to Daddy, auvumilie wimbo wa kwanza, aweke "Flim" mara mbili, kisha "Bucephalus Bouncing Ball" na hedifoni mpaka asikie pale mpira unapogeuka kuwa noti. Baada ya hapo drukQs, zile za piano kwanza, ngoma baadaye. Selected Ambient Works Volume II aiweke usiku, sauti chini, peke yake, na asitafute majina ya nyimbo.